Peke Yangu Nisingefanya: Augustino wa Hippo, Binadamu na Serikali

(Haya ni maneno niliyoongea kwa vijana wa kanisa na wageni wao. Wengi mliomba niyaandike, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, sehemu nilizojirudia tu ndo nimepunguza.)

Shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele, na nyie vijana habari za mchana. Nawashukuru pia ndugu zetu Waislamu mliokubali mwaliko, nilichokuja nacho leo kinamhusu kila mtu anayeishi chini ya serikali.

Niliambiwa niongee kuhusu Wakristo wa mwanzo, walimwonaje binadamu, walionaje mema na mabaya, na serikali waliichukuliaje. Sasa hiyo mada ni pana mno, nikiwatajia majina yote mtaondoka na majina tu. Nimeona nimchukue mtu mmoja, Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo, mji wa bandari wa Afrika Kaskazini, miaka 1600 hivi iliyopita, halafu wengine watapita pembeni yake. Na naanza na wizi.

Mwaka 370 hivi, kwenye mji mdogo wa Thagaste, leo unaitwa Souk Ahras na uko Algeria, kulikuwa na mpeasi karibu na shamba la mizabibu la kina Augustino. Mapeasi mnayajua, kama yale wanayouza Lushoto. Ule mti ulikuwa umebeba matunda mengi lakini si mazuri, wala kwa macho wala kwa ulimi. Augustino ana miaka 16, shule imesimama kwa kuwa baba yake Patricius anahangaika kutafuta hela ya kumpeleka akasome Karthago, mji mkubwa, basi kijana yuko nyumbani hana kazi, anazurura na wenzake mpaka usiku wa manane. Usiku mmoja wakaenda wakautikisa ule mti, wakabeba mapeasi mzigo mkubwa, wakaonja labda mawili matatu, yaliyobaki yote wakawatupia nguruwe.

Ndo hivyo tu. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyefungwa. Lakini yule kijana alipokuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, askofu tayari, akakaa kuandika kitabu chake cha Maungamo na lile tukio akalipa nafasi kubwa kuliko mambo mengine mengi aliyoyafanya ambayo sisi tungesema ndo dhambi zenyewe. Anajiuliza, nilitaka nini? Njaa sikuwa nayo, mapeasi mazuri zaidi yalikuwa nyumbani. Anageuza swali hivi na vile, mara anasema nilipenda ule uovu wenyewe, mara anaona hapana, mtu hapendi uovu hivi hivi, lazima kuna kitu chema alikuwa anakiiga kwa njia mbovu, kama uhuru, kujiona hakuna wa kumwambia kitu. Halafu anafika kwenye sentensi ambayo mimi nimetembea nayo miaka mingi. Anasema peke yangu nisingefanya. Anairudia. Peke yangu nisingefanya kabisa. Anasema ilitosha mmoja kusema twendeni tukafanye, basi kila mmoja akaona haya kuwa yeye ndo mwenye haya.

Nawaambia kwa nini natembea nayo. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa sokoni kununua mafuta ya taa, nikasikia mwizi! mwizi! na watu wakaanza kukimbia, na mimi nikakimbia, sikuuliza ameiba nini, sikumwona usoni hata mara moja, niliona mgongo wa shati la bluu na vumbi, na nikajikuta nimeshika jiwe mkononi. Nililirusha. Sijui kama lilimpata, na mpaka leo nikilala namuomba Mungu liwe halikumpata. Polisi walifika wakamchukua akiwa hai. Lakini nilirudi nyumbani na kile kidumu cha mafuta, nimekishika mkono wa kushoto muda wote ule, sijamwaga hata tone. Hicho ndo kinachonitisha, kwamba mkono mmoja ulikuwa unatunza mafuta ya mama na mwingine unarusha jiwe. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa na wenzangu. Peke yangu nisingefanya.

Kwa hiyo mtu akiniambia Augustino alikuwa na mtazamo wa giza kuhusu binadamu, mimi namwelewa anachosema, ila sioni kama alisema uongo. Anasimulia pia kwamba aliwahi kumwangalia mtoto mchanga, hajui kuongea bado, anamkodolea macho ya chuki mtoto mwenzake anayenyonya ziwa moja naye, uso umebadilika rangi kwa wivu, na maziwa yapo ya kutosha wote wawili. Kina mama mliopo hapa mmeshaliona hili. Yeye anasema udhaifu wa mtoto uko kwenye viungo vyake, nguvu hana, lakini nia anayo tayari.

Kulikuwa na mtu aliyempinga kwa nguvu, Pelagius, mmonaki wa asili ya Uingereza aliyeishi Roma. Huyu alisikia sala ya Augustino kwenye Maungamo, Mungu, nipe unachoamuru halafu amuru utakacho, akakasirika kweli, kwa sababu aliona ni kumpa mtu kisingizio. Kwa Pelagius, Mungu hawezi kuamuru kitu ambacho binadamu hakiwezi, ukiambiwa usiibe basi unaweza kutoiba, maliza. Ubishi wao ulikuwa mrefu, mwaka 418 mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, ukaamua dhidi ya mafundisho ya Pelagius. Siwezi kuingia huko kote, ila niseme moja, Pelagius hakuwa mtu mbaya, alitaka watu waache uvivu wa roho na mimi namheshimu kwa hilo. Tatizo langu ni kwamba anamwona binadamu amesimama peke yake anachagua jema au baya kama mtu anayechagua nyanya gengeni. Augustino anamwona binadamu akiwa katikati ya wenzake, usiku, na mmoja ameshasema twendeni.

Sasa hapo ndo swali la serikali linapoingia. Kama binadamu tuko hivi, serikali ni ya nini, na inatoka wapi?

Jibu la zamani zaidi nalolipenda ni la Irenaeus, askofu wa Lyon kule Gaul, ambako leo ni Ufaransa, miaka ya 180 hivi. Anasema Mungu aliweka utawala wa watu ili binadamu kwa kuogopa sheria wasimezane kama samaki. Kama samaki! Sisi tunaokula dagaa na kumwogopa papa hatuhitaji kufafanuliwa. Ila angalieni asichokisema. Hasemi mtawala ni baba, hasemi ni kivuli cha Mungu duniani. Anasema ipo ili tusimezane, na anaendelea kwamba hata hao wenye mamlaka wataulizwa, kila walichofanya kinyume cha haki kitawaangamiza wao.

Na mwaka huohuo wa 180, tarehe 17 Julai, mjini Karthago, karibu na Tunis ya leo, walisimamishwa mbele ya gavana Saturninus Wakristo 12, wanaume 7 na wanawake 5, watu wa kijiji cha Scilli. Kumbukumbu ya kesi yao ipo, fupi, ukurasa mmoja au miwili, na ni moja ya maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa Kilatini. Gavana anawaambia kwa upole tu, apeni kwa jina la mfalme, mtasamehewa. Mmoja anaitwa Speratus anajibu kwamba yeye utawala wa dunia hii hautambui, anamtumikia Mungu ambaye hakuna mtu aliyemwona, halafu anaongeza kitu ambacho kwangu mimi ni kizuri mno, anasema sijaiba, na nikinunua kitu ushuru nalipa. Jamani. Mtu anakaribia kukatwa kichwa na anamkumbusha gavana kwamba ushuru wa sokoni halipi pungufu. Mwanamke mmoja, Donata, akasema heshima tunampa Kaisari kama Kaisari, lakini hofu ni kwa Mungu. Gavana akauliza, humo kwenye mkoba wenu mna nini? Speratus akasema ni vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 za kufikiria, wakazikataa, wakauawa siku ileile.

Hiyo sentensi ya Donata ina falsafa nzima ya serikali. Heshima sawa. Hofu hapana.

Miaka kama 30 baadaye, kwenye mji uleule wa Karthago, mwandishi Tertullian alimwandikia gavana mwingine, Scapula, karibu mwaka 212, akamwambia ni haki ya binadamu na ni uwezo aliozaliwa nao kila mtu kuabudu anachoona yeye ni sahihi, dini ya mtu mmoja haimdhuru wala haimsaidii mwingine, na si kazi ya dini kulazimisha dini. Naomba hiyo mistari muishike, tutaihitaji mbele. Mwafrika ndo aliyeandika haya, na aliyaandika wakati Wakristo ni wachache na fimbo iko mkononi mwa wengine.

Halafu fimbo ikahama mkono. Mwaka 313 mfalme Konstantino na mwenzake Licinius walikubaliana Milano kwamba kila mtu afuate dini anayotaka, Wakristo wakiwemo. Mwaka 380 mfalme Theodosius akatangaza imani ya Kikatoliki ndiyo ya dola. Yaani ndani ya umri wa mzee mmoja, kanisa limetoka kwenye kizimba kama kile cha Saturninus limekaa upande wa gavana. Mimi nadhani hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Na wapo waliojitahidi, Ambrose askofu wa Milano, mwaka 390, baada ya Theodosius kuamuru raia wa Thesalonike wauawe kwa sababu waliua kamanda wake kwenye ghasia, alimwandikia mfalme kwa mkono wake mwenyewe kwamba hawezi kutoa sadaka ya ibada na yeye akiwepo mpaka atubu. Na mfalme akatubu hadharani. Huyu Ambrose ndiye aliyembatiza Augustino Pasaka ya mwaka 387.

Tuje sasa mwaka 410. Agosti 24, Wavizigothi, watu wa kabila la Kijerumani, wakiongozwa na Alaric wanaingia Roma, siku tatu wanapora. Roma ambayo haikuwa imetekwa na adui wa nje kwa karibu miaka 800. Wakimbizi wenye hela wakapanda meli wakaja Afrika, Karthago ikajaa matajiri wa Roma, na wengi walikuwa wanasema hii ni sababu ya Wakristo, tuliacha miungu yetu ya zamani na hawa wamefundisha watu kugeuza shavu la pili, ona sasa. Ofisa mmoja Mkristo anaitwa Marcellinus, rafiki yake Augustino, aliyekuwa ametumwa Karthago na mfalme, akamuomba awajibu. Mnaweza kujibu hoja ya namna hiyo kwa kipeperushi. Yeye alianza mwaka 413 na akamaliza 426 hivi, vitabu 22 ndani ya kazi moja, Mji wa Mungu, na akamtaja Marcellinus kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Humo ndani, kitabu cha nne, kuna maneno ambayo nikiyasoma kwa sauti naona watu wanageuka kuangalia mlango. Anasema ukiondoa haki, falme ni nini kama si magenge makubwa ya majambazi? Na magenge ya majambazi ni nini kama si falme ndogo? Na hasemi kwa kutukana, anachambua kabisa, anasema tazameni genge, nalo lina kiongozi, nalo lina makubaliano, ngawira inagawanywa kwa utaratibu waliopatana. Genge likikua likashika eneo, likateka miji, linaanza kuitwa ufalme waziwazi, na jina hilo halilipati kwa sababu tamaa imeondoka, linalipata kwa sababu hakuna tena wa kuliadhibu.

Halafu anatoa kisa alichokitoa kwa Cicero. Jambazi wa baharini amekamatwa, ameletwa mbele ya Alexander mkuu. Alexander anamuuliza, una maana gani kuisumbua bahari? Yule jambazi anamjibu, maana ileile uliyonayo wewe kuisumbua dunia nzima, ila mimi kwa kuwa natumia kijichombo kidogo naitwa jambazi, wewe kwa kuwa una manowari nyingi unaitwa mfalme.

Mnaona tumerudi kwenye mapeasi? Wale vijana wa Thagaste walikuwa na umoja, walikuwa na ujasiri, walikuwa wanasaidiana kubeba mzigo. Umoja wenyewe haumfanyi mtu kuwa mwema. Ndo maana mbele zaidi, kitabu cha 19, anatoa maana yake ya neno taifa, na imeninyima usingizi hii, anasema taifa ni kundi la watu wenye akili walioungana kwa kukubaliana juu ya vitu wanavyovipenda, kwa hiyo ukitaka kujua taifa likoje, usiangalie bendera, angalia linapenda nini. Bendera nimeongeza mimi, lakini maana ndo hiyo. Lipende vitu bora litakuwa taifa bora, lipende vitu vibovu litakuwa bovu, na bado litakuwa taifa tu, litakuwa na mahakama na jeshi na sherehe.

Kitabu hicho kinaongelea miji miwili, mji wa Mungu ni wa wanaompenda Mungu, mji wa dunia ni wa wanaojipenda wenyewe. Na asidhani mtu kwamba mji wa Mungu ni kanisa na mji wa dunia ni serikali. Wengi wanasema hivyo na si kweli, Augustino alilikataa mapema kabisa, kitabu cha kwanza. Anasema hii miji miwili imechanganyika mpaka mwisho wa dunia, humu humu kanisani wamo wanaoshiriki sakramenti na hawatakuwemo kule, na huko nje kati ya maadui wa leo wamo raia wa kesho ambao wenyewe hawajui bado. Hakuna chama, hakuna dhehebu, hakuna jeshi linaloweza kusimama likasema sisi ndo mji wa Mungu. Ukilielewa hili vizuri hutamwabudu mwanasiasa yeyote maisha yako yote.

Kuna ukurasa mwingine wa kitabu hichohicho cha 19, kuhusu hakimu. Augustino mwenyewe kama askofu alikuwa anasikiliza kesi za watu, urithi, madeni, mipaka, Possidius aliyeishi naye anasimulia kwamba mara nyingine alikaa siku nzima bila kula. Kwa hiyo anamjua hakimu kwa karibu. Sheria ya Roma ya wakati ule iliruhusu shahidi au mtuhumiwa ateswe ili aseme kweli. Anaandika, hakimu anamtesa mtu kwa sababu hajui kama ana hatia, mtu anaumia kwa kosa lisilojulikana, na sababu ya kumtesa ni kwamba haijulikani. Anaweza kufia mikononi, au akachoka maumivu akakiri asichofanya, akanyongwa, na hakimu asijue mpaka mwisho kama ameua mwenye hatia au asiye na hatia. Sasa mtu mwenye hekima atakaa kwenye hicho kiti? Augustino anasema atakaa, kwa kuwa jamii inamhitaji na haoni haki kuikimbia. Lakini akiwa na utu atalichukia hilo analolazimika kulifanya, na kama ni mcha Mungu atalia, uniokoe na hizi lazima zangu.

Hapa namlaumu. Namlaumu kwa sababu hakusema hiyo sheria ya mateso iondolewe, aliishia kwenye kulia. Machozi ya hakimu hayamsaidii aliyefungwa kamba. Lakini nakiri pia kwamba mimi sijawahi kumsikia mwenye madaraka akililia hata hicho anachokifanya.

Sasa lile gumu zaidi, nalisema mbele ya wazee wangu kwa sababu tukilificha tunadanganyana. Afrika Kaskazini kanisa lilikuwa limegawanyika vipande viwili kwa karibu miaka 100. Wakati mfalme Diocletian anawatesa Wakristo, kuanzia 303, kuna viongozi walikabidhi Maandiko kwa askari yakachomwe, na baadaye watu wakasema hawa hawafai kumweka mtu wakfu, wakatoka na maaskofu wao, wakaitwa Wadonati kwa jina la Donatus. Sehemu nyingi wao ndo walikuwa wengi. Huyo Donatus anakumbukwa kwa swali lake, mfalme ana nini na kanisa? Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikaa Karthago kwa kesi mbele ya Marcellinus huyuhuyu, na Marcellinus akaamua Wadonati wameshindwa. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya mfalme, faini, makanisa yao kuchukuliwa.

Na Augustino akaunga mkono. Mwanzoni hakutaka, anakiri mwenyewe kwenye barua kwa Vincentius mwaka 408 hivi kwamba msimamo wake wa kwanza ulikuwa mtu asilazimishwe kuingia kwenye umoja wa Kristo, ni hoja tu zitumike. Kilichombadilisha, anasema, ni mifano, na mfano wa kwanza ni mji wake mwenyewe wa nyumbani uliokuwa wa Wadonati wote ukageuka kwa kuogopa sheria za wafalme, na sasa wanashukuru. Akachukua na neno la karamu kwenye Injili ya Luka, walazimishe kuingia, akalifanya hoja.

Jamani, huyu ni yule yule. Yule aliyeandika kuhusu jambazi na Alexander. Miaka 200 kabla yake, pale Karthago, Tertullian alishasema si kazi ya dini kulazimisha dini, na Lactantius, naye Mwafrika, alishasema dini inatetewa kwa kufa, haitetewi kwa kuua. Vitabu vya hao watu alivijua. Ni kweli alikuwa anawaombea wasiuawe, kuna barua aliyomwandikia Marcellinus kuhusu Wadonati waliokiri kumuua padri mmoja na kumtoboa jicho mwingine, anamsihi asiwalipize jicho kwa jicho. Ni kweli pia wengine kati yao walikuwa na magenge ya rungu vijijini. Lakini faini ni fimbo, na kumnyang'anya mtu kanisa lake ni fimbo, na sababu aliyoitoa ni kwamba imefanya kazi. Imefanya kazi! Hata genge likikua linafanya kazi. Maneno yake ya karamu yalisomwa na watu wa karne za baadaye waliokuwa na fimbo nzito kuliko faini, na hayo yako kwenye hesabu yake.

Mimi naona alinaswa na kilekile alichokifundisha. Aliyajua mapeasi. Alijua mtu akiwa na wenzake anafanya ambayo peke yake asingefanya. Ila safari hii wenzake walikuwa maaskofu, na aliyesema twendeni alikuwa mfalme.

Na huyo Marcellinus je? Septemba 13 mwaka 413 alikatwa kichwa Karthago. Kulitokea uasi wa jenerali mmoja, ukazimwa, na katika lile fagio la kukamata watu Marcellinus na kaka yake wakatajwa. Augustino alikwenda kumwona gerezani, alihangaika apone, wakaahidiwa mambo yatakuwa sawa, wakauawa haraka kabla msamaha wa mfalme haujafika. Mtu mwadilifu kabisa, ameuliwa na serikali aliyoitumikia kwa uaminifu. Ndo mwaka ambao Augustino anaanza kuandika Mji wa Mungu, na yale ya falme bila haki kuwa magenge yakaja baada ya hapo. Unaposoma yale maneno ukumbuke kwamba kwenye mstari wa kwanza ameandikwa Marcellinus.

Nina kitu kimoja kimebaki, nacho hakikujulikana kabisa mpaka juzi. Msomi wa Austria, Johannes Divjak, alikuta kwenye maktaba za Ufaransa barua za Augustino ambazo zilikuwa zimepotea, zikachapishwa mwaka 1981. Moja imeandikwa mwishoni mwa maisha yake, Augustino ni mzee wa zaidi ya miaka 65, anamwandikia rafiki yake wa tangu ujana, Alypius, ambaye yuko Italia. Anamwambia pwani ya Afrika imejaa wafanyabiashara wa watumwa, wanachukua watu huru, wanawapandisha meli, wanawauza ng'ambo. Makundi yanavamia vijiji huko ndani usiku. Kuna mwanamke mmoja anawarubuni wanawake wa milimani kwa kujifanya ananunua kuni, akishawapata anawafungia, anawapiga, anawauza. Sisi watu wa pwani hii hatuhitaji kuambiwa barua hiyo inanukaje.

Na anasimulia kwamba yeye hakuwepo mjini wakati meli ilipokuwa bandarini Hippo, waumini wa kanisa ndo walioenda, wakawatoa watu kama 120, wengine kutoka melini, wengine kutoka sehemu walikofichwa wakisubiri kupakiwa. Kati yao walioonekana kuuzwa na wazazi wao hawazidi 5 au 6, wengine wote wametekwa. Wale wafanyabiashara wana wakubwa wanaowalinda, na tayari wameanza kusumbua kudai mali yao irudi. Augustino anamwomba Alypius atafute huko Italia namna ya kuifanya sheria itumike, kuna sheria ya mfalme Honorius inayowaadhibu watu wa namna hii, lakini inataja mijeledi yenye vipande vya madini ya risasi, na mzee anaogopa kuitumia kwa sababu ile mijeledi inaua. Anataka sheria iwazuie, hataki iwaue. Hapo simwoni tena yule wa walazimishe kuingia. Namwona mtu anayeijua serikali kwamba ni fimbo, anaihitaji, na anahesabu inapiga vipi.

Niseme pia kwamba utumwa wenyewe hakuupinga. Kwenye Mji wa Mungu aliandika kwamba Mungu hakutaka binadamu amtawale binadamu, alitaka amtawale mnyama, ndo maana wenye haki wa kwanza walikuwa wachungaji wa mifugo na hawakuwa wafalme wa watu, halafu akasema utumwa umeingia kwa dhambi na mtumwa atii. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ingetosha kuvunja kila mnyororo kama angeifuata mpaka mwisho. Hakuifuata. Lakini meli ilipokuwa bandarini, watu aliowafundisha walipanda.

Kwenye barua hiyo anaeleza aliongea na mtoto mmoja wa kike kati ya wale waliookolewa. Akamuuliza ilikuwaje ukauzwa? Mtoto akasema nilinyakuliwa nyumbani kwa wazazi wangu. Akamuuliza, ulikuwa peke yako? Akasema hapana, baba na mama walikuwepo, na kaka zangu walikuwepo. Kaka yake mmoja alikuwa amesimama pale, amekuja kumchukua, na kwa kuwa mdogo wake hakuweza kueleza vizuri, yeye akamweleza askofu jinsi wale watu wanavyoingia usiku wamejifanya wavamizi wa kigeni, na jinsi walivyoogopa kuwapinga.